Habari Imfikie Mwenye Zamu

Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 31 Julai 2022, mvua kubwa ilinyesha Mbale na katika vilima vilivyo juu ya mji huo. Mito ya Nabuyonga na Namatala ikavuka kingo zake, ikaingia majumbani na barabarani. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha, mali nyingi ikaharibika, na mabomba yakavunjika hata wakazi wengi wakakosa maji safi ilhali maji machafu yamewazunguka. Siku ile ile picha za mafuriko zilitapakaa katika mitandao ya kijamii, zikaonwa na watu walio mbali sana na Mbale.

Maafa ya namna hii yatufundisha kwamba habari kuonwa na watu wengi si sawasawa na habari kumfikia yule mwenye wajibu wa kutenda. Mtu aliye ng'ambo aweza kuiona picha ya maji yaliyofika dirishani, na jirani aliye hatua mia mbili kutoka hapo asijue lolote, kwa sababu tu hafuatani na yule aliyeipiga picha. Maji yatokayo mlimani huchukua muda kabla ya kufika bondeni. Muda huo, hata ukiwa mfupi, watosha kumwamsha mama na watoto wake, ikiwa neno limemfikia mtu wa kugonga mlango.

Kwa wasomaji wetu walio katika jeshi na polisi, jambo hili si geni. Askari aliye lindoni hatazami kwa ajili ya kutazama tu. Atazama ili atoe taarifa, na taarifa hiyo ina njia yake na mtu wake wa kuipokea. Raia nao waweza kujiwekea lindo la namna hiyo kwa simu walizo nazo mikononi. Njia yenyewe ni kuunganisha arifa za utafutaji wa mitandao na programu ya mazungumzo ya kikundi. Maneno haya yasimtishe msomaji, kwani kazi yenyewe ni nyepesi kuliko jina lake.

Arifa ni nini?

Arifa ya utafutaji ni agizo ambalo mtu huipa mashine mara moja, nayo hulitekeleza kila siku bila kuchoka. Humwambia: "Kila litakapochapishwa neno hili, niletee." Huduma ya Google Alerts, iliyoanza mwaka 2003, hufanya hivyo kwa kurasa za wazi za intaneti, na humpa mtu hiari ya kuletewa matokeo kwa barua pepe au kwa mlisho. Mlisho ni orodha ijiongezayo yenyewe kila kipatikanapo kitu kipya, na programu nyingine zaweza kuisoma.

Programu ya mazungumzo ya kikundi ni kama ukumbi wa mkutano usiofungwa. Slack ni mojawapo, nayo hutumiwa sana maofisini. Telegram nayo, tangu mwaka 2015, imeruhusu watumishi wa kimashine waingie katika kikundi na kuleta ujumbe. Arifa ikiunganishwa na ukumbi huo, haimwendei mtu mmoja ambaye huenda amelala au simu yake imekwisha chaji. Huwafikia wote kwa pamoja, na kila mmoja huona nani ameitikia.

Tuchukue mfano wa Walukuba, mjini Jinja. Mtaa huo ulikua pamoja na viwanda, katika miaka ya bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954, ambalo leo huitwa Nalubaale. Wafanyakazi walikuja kutoka pande zote za Uganda na kutoka Kenya, na hata leo nyumba moja yaweza kuwa ya Msoga, ya pili ya Mteso, na ya tatu ya Mjaluo. Tuseme basi mwenyekiti wa LC1, muuguzi, mwalimu, mvuvi wa Masese, mwendesha boda boda na mke wa askari polisi wameamua kuwa kikundi cha tahadhari. Wana simu sita na nia moja. Wafanye nini?

Jina la mji lina mitego

Kazi ya kwanza ni kuchagua maneno ya kutafutwa, na hapa ndipo wengi hukwama. Mtu wa Jinja atafikiri kwamba akiiagiza mashine neno "Jinja" ataletewa habari za mji wake. La! Katika Kijapani, neno hilo hilo ni jina la mahali pa ibada pa dini ya Shinto. Zaidi ya hayo, kuna chombo cha mafundi wa kompyuta kiitwacho Jinja, kinachotumiwa na waandishi wa programu duniani kote. Kikundi chetu kitaamka asubuhi na kukuta picha za mahekalu ya Japani na maswali ya mafundi, na habari moja ya mtaani imefukiwa chini yake.

Mbale nayo ina mtego wake, kwa kuwa kuna mji mwingine wa jina hilo katika kaunti ya Vihiga, nchini Kenya. Na neno "moto" je? Kwetu ni janga la kuunguza nyumba, lakini kwa Wahispania na Wafaransa ni pikipiki. Atakayetafuta neno hilo peke yake ataletewa matangazo ya biashara ya pikipiki mpaka achoke.

Dawa yake ni hii. Kwanza, litumike jina dogo la mahali badala ya jina kubwa. "Walukuba" ni neno lisilopatikana kwingi duniani, kwa hiyo karibu kila litakaloletwa litahusu mtaa wenyewe. Pili, maneno yaunganishwe mawili mawili, kama vile "Jinja" pamoja na "mafuriko", au "Mbale" pamoja na "Nabuyonga". Tatu, yaondolewe yasiyotakiwa kwa kuweka alama ya kutoa mbele ya neno. Yeyote aandikaye "Jinja" na kuongeza "-Python" atakuwa amepunguza sehemu kubwa ya mazungumzo ya mafundi, maana Python ndiyo lugha ya kompyuta ambayo chombo kile hutumika nayo.

Nne, na hili ni kubwa, watafute kama watu wasemavyo. Mwenye nyumba inayozama haandiki "mafuriko" kama msomaji wa taarifa ya habari. Huandika "maji yametuingilia", au "yamefurika", na mashine iliyoagizwa neno "mafuriko" yaweza kulipita neno "yamefurika" kama mgeni. Mwingine ataandika kwa Kiganda "amataba" kwa mafuriko na "omuliro" kwa moto. Mwingine atachanganya herufi za L na R, aandike "Warukuba". Kikundi cha Walukuba kikae kitako, kila mtu ataje jinsi watu wa nyumbani kwake wapigavyo yowe, na maneno hayo yote yaingizwe. Katika kazi hii bibi mzee aliyekaa mtaani miaka mingi ni mwalimu mzuri kuliko fundi aliyesomea kompyuta.

Kuunganisha

Yakiisha kupatikana maneno, kazi iliyobaki ni ya mikono. Katika Slack, kwa mfano, huandaliwa chumba kimoja kwa ajili ya arifa tu. Mlisho wa Google Alerts hunakiliwa anwani yake, kisha programu ya milisho iliyo ndani ya Slack huagizwa kuufuata, nayo huanza kuyamwaga matokeo mapya chumbani. Mtandao wa Mastodon hutoa milisho ya aina hiyo kwa alama za mada, na YouTube hutoa kwa kila idhaa, hivyo idhaa ya redio au televisheni ya mkoa yaweza kufuatwa kwa njia ile ile. Pale ambapo hakuna mlisho, kuna huduma za kati kama IFTTT na Zapier, ambazo kazi yake ni kupokea kitu upande huu na kukipeleka upande ule.

Yafaa msomaji ajue mipaka ya njia hii, asije akaitegemea kupita kiasi. Mtandao uliokuwa ukiitwa Twitter, na sasa X, zamani uliwaruhusu mafundi kuchukua ujumbe wake wa wazi bila malipo. Mlango huo ulifungwa mwaka 2023. Kampuni ya Meta nayo ilikifunga chombo chake cha CrowdTangle tarehe 14 Agosti 2024, ambacho waandishi wa habari walikitumia kufuatilia yaenezwayo katika Facebook. Na hapa Uganda, Facebook yenyewe ilizuiwa mwezi Januari 2021. Mazungumzo ya WhatsApp yamefungwa kwa siri kati ya wenye kuzungumza, wala hakuna mashine ya kuyatafuta kutoka nje, na ni vyema iwe hivyo. Aidha, arifa za Google hazifiki papo hapo kila mara. Huenda zikachelewa saa nzima au zaidi.

Kwa hiyo, arifa ya mashine isichukue nafasi ya mtu. Mvuvi aonaye maji yakipanda Masese aandike mwenyewe chumbani, wala asingoje mashine imsikie. Jicho la mashine hutazama mbali, kule ambako jicho la mwanakikundi halifiki.

Mashine yaita, mtu ahakikisha

Jirani zetu wa Kenya wamekwisha pita njia hii, nasi twaweza kujifunza kwao. Mwezi Januari 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi, vijana wa Kenya walianzisha Ushahidi, mahali pa kukusanya taarifa za wananchi kwa simu na intaneti na kuzionyesha katika ramani. Baadaye, katika uchaguzi wa 2013, kazi iliyoitwa Umati ilifuatilia maneno ya chuki mitandaoni. Wenye kazi hiyo hawakuiachia mashine peke yake. Waliweka watu wa kusoma maandishi ya Kiingereza, Kiswahili na lugha nyingine za Kenya, kwa sababu neno lile lile laweza kuwa mzaha kwa huyu na tusi la kumwaga damu kwa yule.

Mfano wa tatu ndio ulio karibu zaidi na shabaha yetu. Katika bonde la Mto Tana, kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, Wapokomo na Waorma walipigana, na watu wengi wakauawa. Uvumi ulisaidia kuchochea moto ule. Basi shirika la Sentinel Project la Kanada, pamoja na watu wa Kenya, wakaanzisha huduma iliyoitwa Una Hakika. Mwananchi alipousikia uvumi aliutuma kwa simu. Wahusika waliulizia kwa watu waaminifu walioko mahali penyewe, kisha wakarudisha jibu lililopoza nyoyo. Jina la huduma ile lilikuwa swali, na swali lenyewe ndilo lililokuwa kazi.

Kikundi cha Walukuba nacho kiwe na vyumba viwili. Chumba cha kwanza ni cha arifa, ambamo mashine humwaga kila kitu. Chumba cha pili ni cha habari zilizohakikishwa, ambamo mtu tu ndiye aandikaye. Hakuna neno litokalo la kwanza kwenda la pili pasipo kupita mkononi mwa mwenye zamu. Utaratibu uwe hivi:

1. Kila siku awepo mwenye zamu mmoja na msaidizi mmoja, na majina yao yaandikwe juu ya chumba.

2. Arifa iingiapo, mwenye zamu aweke alama ya kuonyesha kwamba ameiona, ili wengine watano wasianze kuihangaikia kwa pamoja, au mbaya zaidi, kila mmoja akadhani mwenzake ameishughulikia.

3. Aulize mambo matatu: Ni wapi? Ni lini? Nani aliyeona kwa macho yake? Picha ya mafuriko yaweza kuwa ya mwaka jana, au ya nchi nyingine kabisa.

4. Ampigie simu mtu aliye mahali penyewe. Mwendesha boda boda aliye kituoni atajibu kwa dakika moja swali ambalo kompyuta haiwezi kulijibu kwa siku nzima.

5. Ikiwa ni kweli, apige simu ya polisi, 999 au 112, ambazo ni za bure, kisha aandike katika chumba cha pili nani ameambiwa na saa ngapi. Ikiwa ni uongo, aandike hivyo pia, maana uongo usiokanushwa hurudi tena jioni.

Hatari ya mwisho katika jambo hili ni wingi. Mlinzi apigaye kelele kwa kila jani litikisikalo, siku adui ajapo hakuna atakayeamka. Ikiwa chumba cha arifa chaleta mambo mia kwa siku na mawili tu ndiyo ya maana, watu watakizima kimya kimya, na kikundi kitabaki jina. Kila mwisho wa juma wakae, walitazame kila neno walilolitega, na wauliize lilileta nini. Lile lisiloleta kitu cha manufaa liondolewe bila huruma.

Siri, sheria na heshima

Kikundi hiki kitafute matukio, kisitafute watu. Kutega jina la jirani ili kujua aandikayo ni upelelezi usio na ruhusa, hata kama umeitwa ulinzi. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, nayo yamlinda kila mtu dhidi ya kukusanyiwa habari zake pasipo haki. Picha za waliofariki na za watoto waliojeruhiwa zisipelekwe chumbani. Hakuna mama astahiliye kupata habari ya msiba wa mwanawe kwa mlio wa simu.

Anwani ambayo mashine hutumia kuleta ujumbe chumbani itunzwe kama ufunguo wa ghala. Mwenye kuipata aweza kutuma uongo, nao ukaonekana kana kwamba umetoka katika chombo chenu wenyewe. Isibandikwe ukutani, isitumwe katika kikundi kingine.

Familia za askari zina neno lao la pekee. Baba ahamishwapo kituo, au mama, jina lake liondolewe katika kikundi cha zamani siku ile ile, kwa kuwa si kila ajuaye siri za jana astahili kujua za leo. Na katika vyumba hivi kamwe yasiandikwe mambo ya zamu za kambini, safari za askari, wala idadi yao. Kile ambacho arifa yako yaweza kukiokota mitandaoni, arifa ya mtu mwingine yaweza kukiokota pia. Mke aandikaye hadharani kwamba mumewe ameondoka leo kwenda kazini mbali amewaambia wezi kwamba nyumba haina mwanamume, na huenda amewaambia wengine zaidi ya wezi.

Mtandao ukizimika

Tarehe 14 Aprili 2020, kisiwa cha magugu kielecho majini kilisukumwa hadi kwenye mitambo ya umeme ya Jinja, na nchi nzima ikaingia gizani. Mwezi uleule uliofuata, maji ya Ziwa Victoria yalifika mita 13.42 katika kipimo cha Jinja, yakaipita kidogo rekodi ya mwaka 1964. Mwezi Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini kote kwa siku kadhaa. Mambo haya matatu yatukumbusha kwamba chombo chaweza kunyamaza saa ile ile ya kuhitajiwa.

Kwa hiyo, kila mwanakikundi awe na namba za wenzake zimeandikwa katika karatasi, si ndani ya simu tu. Ijulikane ni nani atakayepiga filimbi, ni mlango upi utakaogongwa kwanza, na ni wapi palipoinuka watu wakimbilie. Mambo makubwa yaandikwe pia katika daftari, kwa maana Slack ya bure huonyesha ujumbe wa siku 90 tu, na baada ya hapo kumbukumbu huondoka machoni pa wasomaji. Daftari la kituo cha polisi halina masharti hayo.

Ndugu wasomaji, vyombo vipya havikuja kutuondolea wajibu wa ujirani. Vimekuja kuurefusha mkono wake. Wazee walisema kwamba kinga ni bora kuliko tiba, nao hawakuwa na simu. Sisi tulio nazo tuanze na hatua ndogo: watu sita, maneno kumi, vyumba viwili, na orodha ya zamu iliyo wazi. Kikundi cha Walukuba kiwajue wenzao wa Masese, na cha Mbale kiwe na mtu wa kupigiwa simu huko juu Wanale. Mvua ya milimani haitangoji tumalize kubishana ni programu ipi iliyo nzuri zaidi. Leo jioni, kabla ya kulala, kila nyumba na ijiulize swali hili: maji yakija usiku, ni nani mtaani mwetu aliye zamu, na neno litamfikia kwa njia gani?